Saa za Katoni za Darasa la Pili

Mimi ni Ramadhani wa Nyamirambo. Kama mtoto wako amesoma katika shule yetu ya Nyakabanda miaka hii kumi na saba, basi amehesabu kwa vifuniko vya soda nilivyotoboa mimi, amejifunza herufi kwenye mfuko wa mchele nilioupaka rangi mimi, na ameiona dunia kwa mara ya kwanza ikiwa imetengenezwa kwa magazeti yangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asipoteze muda kutafuta kama kuna mwingine.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mikono haina shida, bado nakata duara kwa mkasi bila kuchora kwanza, na nyinyi wanne mnaobaki katika chumba cha zana mnajua kwamba hilo hamjaliweza. Ni goti ndilo lililokataa kupanda ule mlima kila asubuhi. Mmeniomba niandike mambo ya kazi, nami nimeishia darasa la nne, kwa hiyo binti yangu Zuhura amenisahihishia herufi. Maneno ni yangu. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilikuwa mifupi.

Nilianza kazi shuleni nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikiwa zamu, yaani mlinzi wa geti. Kabla ya hapo nilikwishabeba mizigo sokoni, nikaosha magari, nikachoma mishikaki, na kote nilikuwa hodari. Lakini kazi ya geti ina kasoro moja: watoto wakishaingia, unabaki wewe na fimbo mpaka mchana. Mtu mwenye mikono kama yangu hawezi kukaa hivyo. Wiki ya kwanza niliokota vifuniko vya soda kwenye kioski cha jirani, nikavitoboa kwa msumari, nikavipanga kumi kumi kwenye kamba ya mgomba. Sikuwa na sababu. Nilipenda tu vile vinavyolia.

Mwalimu Konsolata ndiye aliyeviona. Alikuwa anafundisha darasa la pili, amekulia Karagwe upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Shikamoo, kaka. Hiyo ni ya nani?"

Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Katika maisha yangu yote hakuna mwalimu aliyewahi kuniamkia mimi kwanza. "Si ya mtu. Ni ya kupitisha muda."

"Naomba niende nayo darasani kidogo."

Alirudi baada ya kipindi. Akaniambia watoto walikuwa wanahesabu mpaka thelathini kwa kuimba tu, kama wanavyoimba wimbo bila kuujua, na leo walihesabu kwa kugusa kifuniko kimoja kimoja. "Nataka nyingine tano," akasema. Hakurudisha ile ya kwanza. Nikajua hapo kwamba kazi yangu imepatikana, ila mwenye shule hakuwa amepata habari.

Mwaka ule wa kwanza nilifanya kazi nikiwa kitini getini, na nyumbani jioni kabla ya kula. Mke wangu Mwajuma alivumilia mengi. Sebule yetu ilijaa mirija ya katoni, makopo ya rangi na magazeti, mgeni akija anakalishwa juu ya Afrika. Kumtuliza nikamtengenezea pazia la mlango: kurasa za kalenda za zamani, unazikata pembetatu ndefu, unaziviringisha kwenye sindano ya kofia, unabandika ncha, unapaka vanishi, inakuwa shanga. Shanga elfu mbili na kitu. Wanawake wa mtaa walikuja kulipitia tu, waingie na watoke, wasikie linavyochakarika. Kwa hiyo mkiwa na zana za shule zinazokera nyumbani, mtengenezeeni mama wa nyumba chake kwanza. Hilo halimo katika kitabu chochote cha ualimu.

Rangi na herufi nilifundishwa na Papa Kasongo, Mkongomani aliyekuwa anachora vibao vya saluni na vya mafundi cherehani huku Nyamirambo. Mara ya kwanza alipoona mfuko wangu wa herufi alisimama akaweka mikono nyuma.

"Weye unaandika sawa vile kuku iko nachakura mchanga."

"Nifundishe basi, Papa."

"Nitakufundisha. Lakini usiambie mutu kama mimi ndiye mwalimu yako, mpaka iko mzuri."

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mfuko wa mchele unafuliwa mara mbili ndipo unapakwa rangi, la sivyo rangi inabanduka kama ngozi ya kiazi. Alinionyesha kushika brashi kwa vidole na kuchora kwa bega. Alinifundisha kwamba herufi ya mtoto lazima isomeke kutoka benchi la mwisho, kwa hiyo ukimaliza kuichora, toka nje, tembea hatua ishirini, geuka. Ukikunja uso, rudia. Baada ya miezi sita alianza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye mwalimu wangu.

Gundi nilijifunza mwenyewe, kwa makosa. Unga wa muhogo unaukoroga kwanza kwa maji baridi, ndipo unaweka jikoni, na husimamishi mwiko. Dunia yangu ya kwanza niliibandika kwa gundi hiyo juu ya mpira wa watoto, magazeti matabaka saba, nikaichora bahari na nchi. Siku ya tatu panya walikuwa wamekula Amerika yote mpaka Brazili. Ya pili nikatia pilipili ya kusaga kwenye gundi. Panya hawakurudi, ila wiki ya kwanza kila mtoto aliyeikaribia jiografia alipiga chafya.

Na hiyo dunia ilibidi niitoe Nyamirambo mpaka shuleni kwa pikipiki. Motari, yaani mwenye pikipiki, akaniangalia, akaiangalia dunia.

"Mzee, mimi siwezi beba abiria wawili."

"Huyu si abiria. Ni dunia."

"Na kama inaanguka?"

Mwisho nikaivalisha kofia ngumu ya abiria ili isibonyee, motari akagoma kabisa, maana mimi ndiye ningebaki bila kofia na polisi wako pale kwenye mzunguko. Nikashuka, nikatembea kwa mguu nikiwa nimeikumbatia. Watu wa Nyakabanda walioniona asubuhi ile wanaitaja mpaka leo, na wengine wanasema ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Siwasahihishi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na cha kuandika.

Mwaka wa pili Mwalimu Konsolata alikwenda kwa diregiteri, mkuu wa shule, akamwambia shule ina stoo ya mifagio ya zamani, isafishwe, nipewe mimi iwe chumba cha zana, na geti litafutiwe mtu mwingine. Diregiteri alikuwa mtu mwema lakini anapenda tai yake ikae sawa na kila mtu akae mahali pake. Nilikuwa nje ya dirisha nikipaka rangi fremu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Konsolata, yule ni zamu."

"Ni fundi, bwana. Amekosea tu kazi."

"Sawa. Muhula mmoja. Stoo achukue, geti pia abaki nalo asubuhi na jioni. Mkaguzi akija, nataka aone darasa lako linatumia hizo zana na watoto wanaelewa. Ikishindikana anarudi getini moja kwa moja, na wewe usiniletee tena mambo ya katoni."

Konsolata alipotoka aliniambia kwa kifupi: "Nimekuwekea jina langu dhamana, kaka. Usiniaibishe."

Mkaguzi wa elimu angekuja Jumatatu moja mwishoni mwa muhula. Konsolata akachagua kipindi cha kusoma saa, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinamshinda. Watoto sitini. Akataka saa za katoni thelathini, kila watoto wawili na yao, mishale igeuke. Hiyo kwangu ilikuwa kazi ya kufanya nikiwa usingizini. Nilikata duara thelathini kwa kipimo cha mfuniko wa sufuria, mishale nikaikata katoni nene ya biskuti, katikati nikafunga kwa waya na kifuniko cha soda ili mshale ugeuke bila kulegea. Namba nilichora mwenyewe, safari hii bila Papa Kasongo, kwa bega kama alivyonifunza. Zilikuwa nzuri. Hata leo nasema zilikuwa nzuri.

Nilizipeleka Ijumaa baada ya kutoka msikitini, nikiwa bado na kanzu. Konsolata alichukua ya juu, akageuza mshale, akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu.

"Mbona sita iko juu?"

"Kwa sababu saa sita mshale unasimama juu, Mwalimu."

"Juu kunakaa kumi na mbili, kaka."

"Kumi na mbili ni magharibi. Magharibi mshale unaning'inia chini. Hata mtoto wangu anajua."

"Saa ya ukutani ofisini kwa diregiteri umewahi kuiangalia?"

"Kila siku."

"Juu imeandikwa nini?"

Hebu nieleweni. Saa yangu ya mkononi haikuwa na namba, ilikuwa na vistari tu. Tangu utoto nilisoma saa kwa kuangalia mshale umelala wapi: juu ni sita, chini ni kumi na mbili, kushoto ni tatu. Namba za kwenye saa za watu nilizipita macho, kama unavyoongea na mtu kila siku, ukaulizwa shati lake lina vifungo vingapi. Nilipoambiwa niandike namba, niliandika ninachokijua. Na ninachokijua ndicho kila mtu wa hapa anachosema, Mnyarwanda na Mswahili, saa sita, saa saba. Hata Kinyarwanda saa zake kimezichukua kwetu. Sikukosea kuhesabu. Nilitengeneza saa thelathini sahihi kabisa, ambazo hakuna kiwanda duniani kinazitoa.

Konsolata alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Jumatatu saa tatu," akasema. "Na kesho ni umuganda."

Asiyejua mambo yetu nimweleze: Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima unatoka kufanya kazi za pamoja, na maduka hayafunguliwi mpaka karibu mchana. Katoni za kuanza upya sikuwa nazo. Nilibeba saa zangu thelathini kurudi nyumbani, na siku ile sikumsalimia mtu njiani.

Mwajuma alichukua moja akakaa nayo mlangoni. Yeye hakusoma hata lile la nne nililosoma mimi, namba tu anazijua. Akaweka mshale mfupi chini kushoto.

"Hii ni saa moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na imeandikwa moja." Akausogeza. "Saa mbili, imeandikwa mbili. Baba Zuhura, hii ndiyo saa ya kwanza naisoma bila kupiga hesabu."

"Ni mbovu. Ya shule juu inakaa kumi na mbili."

"Basi si uzungushie na hizo za shule kwa nje."

Wazo lilikuwa langu. Mwajuma anasema lilikuwa lake. Anayeandika ni mimi.

Ilikuwa hivi: duara langu lile lile linabaki katikati. Nyuma yake unabandika duara kubwa zaidi, ukingo wake unatokeza vidole vitatu, na kwenye ukingo huo unaandika namba za shule, kumi na mbili juu. Mshale mmoja unapita juu ya zote mbili. Ukilala kushoto chini, ndani unasoma moja, ya mama nyumbani, na nje unasoma saba, ya Kiingereza cha darasani. Hakuna kilichotupwa.

Lakini duara kubwa thelathini zinataka katoni kubwa. Jumamosi tulizibua mtaro mpaka saa nne na kitu, kisha tukakusanyika kwa mkutano kama kawaida. Kiongozi wa mtaa alipouliza kama kuna lingine, nikainua mkono.

"Nahitaji katoni," nikasema. "Kubwa, kavu, zisizo na harufu ya samaki. Ni za watoto wetu. Mkaguzi anakuja Jumatatu."

"Na asipoziona?" mtu akauliza.

"Narudi kufungua geti."

"Si ndiyo kazi yako?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, maana ukinuna mbele ya mtaa wetu umekwisha. Lakini walikwenda nyumbani wakaleta. Ilikuja katoni ya friji, za sabuni, ya kitanda cha mtoto. Mama Swaibu, jirani wa mkono wa kulia, alileta ile ya televisheni. Hiyo katoni ilikuwa juu ya kabati lake miaka mitano, imegeuzwa picha mbele, ili anayeingia ajue kilichonunuliwa hata umeme ukiwa umekatika. Akaishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Ukate vizuri," akasema. "Na ile picha ya televisheni uache ionekane kwenye moja."

Papa Kasongo nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mwanafunzi yangu haijue saa."

"Najua saa, Papa. Sijui namba zinakaa wapi."

"Leta. Namba ya inje nitaandika mimi. Weye ukate tu. Ukate na ukae kimya."

Jumapili sebule yetu ilikuwa kiwanda. Mimi nakata, Papa anaandika, Mwajuma anakoroga gundi, Mama Swaibu anakaa juu ya duara zilizobandikwa ili zinyooke, na kila akitaka kuinuka tunamwambia bado. Ilipofika alasiri zilikuwa thelathini zimeanikwa uani kama chapati. Ya ishirini na mbili ina televisheni nyuma.

Jumatatu diregiteri aliniagiza nivae sare na kofia, nisimame getini, shule ionekane shule. Kwa hiyo kipindi chenyewe sikukiona mwanzo. Nilimfungulia mkaguzi, mama mfupi mwenye miwani na mkoba mkubwa kuliko yeye, nikampigia saluti, nikabaki na geti. Dakika arobaini. Nimelinda geti lile siku nyingi lakini sikumbuki siku lilipokuwa refu namna ile. Madirisha ya darasa la pili yako juu ya kilima, nikasikia watoto wanaitikia, kisha kicheko cha wengi. Kicheko sikukielewa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu kichwani: mkasi, mfuniko wa sufuria, stoo yao ya mifagio.

Halafu mtoto mmoja akaja mbio. "Mzee Rama, unaitwa darasani. Mbio."

Nilipanda nikiwa na kofia na fimbo. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, saa ya katoni mapajani, na pembeni yake kuna msichana ameshika mshale. Konsolata alikuwa ukutani. Nilimtazama usoni, sikuona kitu, alikuwa ameuma midomo.

"Endelea," mkaguzi akamwambia yule msichana. "Mama anakuamsha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu." Akaweka mshale.

"Na hapa shuleni tunasemaje?"

Mtoto akafuata mshale kwa kidole mpaka ukingo wa nje, akasoma kwa Kiingereza, taratibu, bila kukosea. Kisha akamgeukia mkaguzi: "Na wewe mama yako anakuamsha saa ngapi?"

Ndicho kile kicheko. Kumbe kila mtoto alikuwa amemuuliza hivyo, na kila mara anajibu, na wanampima kwenye saa.

Mkaguzi akasimama. "Miaka yote naona watoto wanafika shule saa mbili, wanaandika mbili. Tunawaambia wamekosea. Nani ametengeneza hizi?"

"Huyu hapa," Konsolata akasema, sauti ikapanda kidogo.

Mkaguzi akanitazama kuanzia kofia. "Huyu si ndiye aliyenifungulia geti?"

"Ndiyo, ni mlinzi wetu," diregiteri akajibu haraka.

"Na sasa hivi geti liko na nani?"

Diregiteri alitazama dirishani, na sote tukatazama. Geti lilikuwa wazi pande zote mbili, na mbuzi wa jirani alikuwa amesimama katikati anafikiria.

"Mtafute mwingine," mkaguzi akasema, akiandika. "Huyu mmeshampoteza."

Niliingia stoo yangu saa nne kasoro, kwa saa ya ndani. Nikavua kofia nikaitundika kwenye mpini wa ufagio. Konsolata alipitisha kichwa mlangoni, akaniambia anataka mizani ya katoni kwa wiki ijayo, akaondoka bila kusubiri jibu. Nje diregiteri alikuwa ameshamfukuza mbuzi, na kwa kuwa mlinzi mwingine haanguki kutoka mbinguni, alibaki pale mwenyewe, tai imenyooka, mpaka watoto wa mwisho walipotoka. Mchana gari la mahindi ya shule lilikuja, akalifungulia geti upande mmoja tu. Nilimpigia kelele kutoka dirishani kwamba gari lile linataka pande zote mbili. Akasema asante, Rama, akafungua na wa pili, nami nikarudi kwenye katoni zangu.